Miezi Mitano ya Mvua

Siku mashine ya kupimia mvua ilipoletwa, Mzee Milimita alivaa koti. Alidhani kutakuwa na maneno mawili matatu ya kumshukuru, pengine na picha. Alisimama kando ya kopo lake la bati, lile alilolichungulia kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Gari la Shirika la Maji likaja, mafundi wawili wakashuka na mlingoti mweupe, na Injinia akashuka nyuma yao akiongea na simu.

"Mzee, hebu tushikie ngazi hapo," alisema Injinia bila kuiondoa simu sikioni.

Akashika ngazi, koti likiwa mwilini. Mafundi walipanda na kushuka, vumbi la viatu vyao likimdondokea mabegani, na alipotaka kujifuta akaogopa kuiachia ngazi. Injinia alipomaliza simu yake aligonga ule mlingoti kwa kidole kama mtu anayegonga tikiti maji sokoni.

"Hii inapima yenyewe, inatuma namba makao makuu yenyewe. Haiugui, hailali, haiombi ruhusa." Akaitazama nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma yao, karibu na ukuta wa bwawa. "Sasa, mzee, unajua nyumba hii ni ya mpima mvua. Na mpima mvua kuanzia leo ndiye huyu hapa. Mwisho wa mwezi ujao tupate funguo."

"Na huyo atalala kitanda gani?" aliuliza mke wa mzee kutoka mlangoni, mkono mmoja umeshika tumbo lililopasuliwa zamani, mwingine umeshika mwiko.

Mafundi wakacheka. Injinia hakucheka.

Hapo ndipo binti yao alipotoka nje. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana stashahada ya takwimu, na kwa miaka miwili alikuwa amepeleka barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akaanza kumwonea huruma. Alikuwa amebeba madaftari manne kifuani.

"Na hizi mtazifanyia nini?" aliuliza.

"Nini hizo?"

"Mvua. Ya kila siku. Ziko thelathini na moja, mwaka mmoja daftari moja."

Injinia akafungua daftari la juu kwa uvivu. Akafungua kurasa mbili, tatu. Akaacha kuangalia saa. Shirika lilikuwa na mpango wa kuinua ukuta wa bwawa, na wafadhili walikuwa wamegoma kutoa chochote mpaka waone mvua ya miaka mingi. Fomu za mzee zilikuwa zimerundikana makao makuu, lakini hakuna aliyewahi kuziingiza kwenye kompyuta.

"Wewe unaweza kuziingiza zote? Ukanichorea na grafu?"

"Naweza."

"Basi nitawasemea kwenye kamati. Mzee anaweza kubaki kama mlinzi wa mashine, nyumba ikabaki kuwa yenu. Na wewe..." Akamtazama binti kwa mara ya kwanza. "Tunatafuta mtu wa takwimu."

Mama akapiga kigelegele, mwiko ukiwa juu. Mzee Milimita alikuwa bado ameshika ngazi, ingawa fundi wa mwisho alikuwa ameshashuka kitambo.

*

Kompyuta ya binti ilikuwa kuukuu, kifuniko chake kimefungwa kwa utepe wa gundi, lakini alichokuwa nacho ndani yake kilikuwa kizima. Ilikuwa programu ya kuchorea grafu, ya bure, ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua mtandaoni. Haikuwa na vitufe vya rangi wala picha za kubonyeza. Ilikuwa na kioo cheusi na kimstari kinachopepesa kikingoja amri. Unaandika amri, unabonyeza, inachora.

"Yaani unaiamuru tu?" mzee aliuliza, miwani imeteremka puani.

"Naiamuru, baba. Lakini ukikosea nukta moja inakufokea."

Akawachorea kitu cha kuwafurahisha. Aliandika fomula fupi ya hesabu, na palepale wimbi likapanda, likashuka, likapanda tena, laini kama limechorwa na mkono usiotetemeka.

"Hiyo si bei ya sukari," alisema mama. "Ya sukari haishuki."

Mzee hakucheka. Alikuwa akilitazama lile wimbi. "Na ukiipa namba za uongo?"

"Itachora uongo. Haijui mvua, inajua namba."

Wakaanza kazi. Kila siku baada ya kufagia, mzee alikaa kwenye kigoda akisoma, binti akichapa. "Sifuri. Sifuri. Kumi na mbili nukta nne. Sifuri." Mwaka wa tatu ulipofika akasimulia jinsi upepo ulivyong'oa bati la jiko. Mwaka wa saba, jinsi maji yalivyoruka juu ya ukuta na samaki wakaokotwa barabarani. Binti alicheka, akachapa, akamwambia hakujua kwamba baba yake ana kichwa namna hiyo. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemwambia mzee neno kama hilo.

Walipofika mwaka wa kumi, mzee akaanza kukohoa. Walipofika wa kumi na moja, akawa anasoma mistari mitano anatoka nje kutema mate. Siku iliyofuata daftari la mwaka wa kumi na mbili halikuonekana.

"Mchwa," alisema mzee.

"Mchwa wamekula la kumi na mbili, wakaruka la kumi na tatu?"

"Mchwa wanajua hesabu?"

Daftari lilikuwa chini ya gunia la mkaa, zima kabisa. Ndani yake mlikuwa na miezi mitano ya mvua ambayo hakuna aliyeipima.

Mwaka ule mkewe alipasuliwa tumbo mara mbili, katika hospitali iliyokuwa mbali hata mtu akiondoka alfajiri anafika jua limepanda. Mzee alikwenda kwa msimamizi wa wakati ule kuomba ruhusa. Msimamizi alikuwa anakula. Alimeza tonge, akasema, "Nenda tu. Ila ukienda, pitia kwangu uache funguo." Nyumbani kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyelala kwa jirani. Mzee hakuacha funguo. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa nane, kila saa tatu asubuhi alikuwa kando ya kitanda akimlisha mkewe uji kwa kijiko, na kila mwisho wa mwezi alifungua daftari la mwaka uliotangulia akanakili, siku kwa siku, nukta kwa nukta. Naye mkewe akaambiwa kwamba ruhusa imetolewa.

Binti hakuwa mtu wa kushindwa na mchwa. Alipanda gari kwenda makao makuu, akambembeleza karani wa masijala, akarudi na nakala za fomu za mwaka mzima zimefungwa uzi.

"Kila mwezi upo, baba! Hukuwahi kukosa hata siku moja!" Alimwonyesha mama yake sahihi ya mzee chini ya kila fomu. "Hawa walitakiwa wakupe nishani, si notisi."

Akachapa peke yake. Mzee alikaa nje akichonga mpini wa jembe ambalo halikuhitaji mpini, akisubiri sauti ya binti kuita. Hakuita. Mtu anayechapa siku moja baada ya nyingine haoni mwaka. Na jumla za mwaka hazikumsaliti, maana ile miezi saba mingine ilikuwa ya kweli na ilitofautiana. Jioni binti alitoka akijinyoosha mgongo, akasema amemaliza wa kumi na mbili, aanze wa kumi na tatu. Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga. Za Mzee Milimita zilikuwa zinakaribia elfu saba, na siku ile kwa mara ya kwanza alidhani labda wahenga walikosea.

*

Kamati ilikuwa ya watu watano kwenye meza ndefu. Mhudumu alipita akiweka chupa ya maji mbele ya kila mmoja. Alipowafikia mzee na binti yake chupa zilikuwa zimekwisha, naye akaondoka kama hakuwaona.

Binti aliunganisha kompyuta yake na projekta. Aliandika amri, jumla za miaka thelathini na mmoja zikasimama ukutani kama nguzo. Akaandika nyingine, wastani wa kila mwezi ukajipinda. Injinia alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, mara kwa mara akimtupia jicho mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ndogo.

"Kazi nzuri," alisema mwenyekiti. "Naona mwaka wa kumi na moja ulikuwa mkavu. Mwaka uliofuata mvua ilirudi vipi? Hebu niwekee miaka hiyo miwili pamoja, siku kwa siku."

"Sasa hivi, mama."

Vidole vya binti vikakimbia. Mzee Milimita alivisikia kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Ukutani ikatokea mistari miwili, mwekundu na wa buluu. Ilianza mwezi wa kwanza, ikakatana na kupishana kama watu wasioelewana, na ilipofika mwezi wa nne wa buluu ukatoweka. Mwekundu ukaendelea peke yake. Mwezi wa tisa wa buluu ukazuka tena.

"Umeenda wapi huo mwingine?" aliuliza mwenyekiti.

"Programu za bure hizo," alisema mhasibu, na wawili wakacheka. "Nilishasema tununue ya maana."

Binti aliandika amri moja zaidi, itoe mwaka mmoja kwenye mwingine. Mstari ukashuka, ukalala juu ya sifuri siku mia moja hamsini na tatu bila kutikisika, kisha ukaamka. Kila mtu aliacha kucheka. Binti akageuza shingo, akamtazama baba yake.

Mzee alijua kwamba neno moja lingetosha. Miaka kumi na tisa alikuwa amelitengeneza neno hilo, usiku na mchana, amelipamba na sababu zake zote: mtoto, mke, uji, funguo. Sasa lilikuwa limefika kooni. Alitazama chupa ya maji iliyokuwa mbele ya mhasibu. Akainamisha macho.

"Ni kosa langu," alisema binti. "Nilichapa miezi mitano ya mwaka mmoja mara mbili."

"Binti," mwenyekiti alivua miwani, "ukuta wa bwawa utajengwa juu ya namba hizi. Chini ya ukuta huo kuna watu."

"Naelewa, mama."

"Huelewi. Ungeelewa ungekagua."

Injinia alifunga faili lake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemdhamini mgeni akavunja sahani. "Rekebisha, ulete Ijumaa. Habari ya nyumba tutaijadili. Ile nafasi ya takwimu," alisita kidogo, "tutaitangaza."

Kwenye ngazi binti alishuka mbele, kompyuta ameikumbatia.

"Mwanangu..." alianza mzee.

"Tusikose gari, baba."

*

Nyumbani mama alikuwa amevaa kanga mpya. Aliwatazama nyuso akaenda kubadilisha bila kuuliza. Binti aliiweka kompyuta juu ya meza, akaifungua, akavuta kigoda cha baba yake karibu.

"Haya, nisomee kama tulivyozoea. Mwaka wa kumi na mbili, mwezi wa nne, tarehe moja. Ilinyesha ngapi?"

Mzee aliketi kwenye kigoda, akatazama sakafu.

"Tarehe mbili?"

"Mwanangu, sikuwepo."

"Tarehe tatu?"

"Nilikuwa hospitali na mama yako. Waliniambia nikienda niache funguo. Ungelala wapi? Nani angempa uji? Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima." Maneno yaliyokataa kutoka asubuhi sasa yalitoka kwa mkupuo, yakigongana. "Nilinakili. Nilisema nitakuja kusahihisha. Kusahihisha na nini? Mvua ilikwishaingia ardhini."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kanga kuukuu imefungwa nusu.

"Uliniambia msimamizi amekupa ruhusa."

"Ningekuambiaje, na wewe una mirija puani?"

"Miaka yote hii namwombea mtu yule dua." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kila mwisho wa mwaka nampelekea mayai. Nampigia magoti! Na alipostaafu nikampelekea kuku jike, yule wa madoadoa. Ukaniona namkamata. Ukanishikia kamba nimfunge."

Ni kweli, alishika kamba.

"Mimi sikuulizi ya wakati ule," alisema binti. "Ningekuwa wewe ningekwenda hospitali vilevile, na mvua ijipime. Nakuuliza ya leo. Leo pale mezani, baba, ulikuwa hospitali gani?"

Akafunga kompyuta, akaenda kuteka maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

*

Kesho yake mzee alifika makao makuu kabla ofisi hazijafunguliwa. Karani alimwambia angoje. Alipouliza tena, akaambiwa asogeze benchi, linaziba njia. Saa sita Injinia alimwona akipita, akamwita ndani kwa kidole.

Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasema yote tangu tonge la msimamizi mpaka chupa ya maji. Alipomaliza alihisi mwepesi, karibu na furaha. Alikuwa tayari kwa lolote.

Injinia alinyanyuka, akafunga mlango.

"Nilijua," alisema. "Nilizifungua fomu jana ileile. Zilizoko masijala zinafanana hivyohivyo. Binti yako hakukosea kitu."

"Basi mwandikie mwenyekiti. Mwambie ni mimi."

"Mzee, kaa." Mzee akakaa. "Ripoti ina sentensi moja wafadhili wanaipenda: kumbukumbu kamili za miaka thelathini na mmoja. Kamili. Nikiandika kwamba mpimaji alinakili miezi mitano, wataniuliza, na hiyo miaka mingine? Utawaapia nini?"

"Mingine ni ya kweli. Haki ya Mungu."

"Mimi nakuamini. Kamati haitakuamini. Itatupa madaftari yote, ukuta utaahirishwa, wewe utatoka kwenye nyumba, na mimi nitaulizwa kwa nini nilimleta binti yako pale." Akapunguza sauti, akawa mpole kabisa. "Miezi mitano ndani ya miaka thelathini na mmoja ni nini?"

"Ni uongo."

"Ni miezi mitano. Mwambie binti ajaze."

"Ajaze nini?"

"Mvua, mzee. Yeye amesoma, anajua inavyokuwa." Akamfungulia mlango. "Na hapa leo hukuja."

Mzee alirudi nyumbani na kuyasema yote mbele ya mkewe na binti, neno kwa neno, maana hakutaka tena kuchagua la kusema na la kuficha. Mwisho akaongeza lake:

"Usijaze. Acha wazi. Andika kwamba baba yako hakupima. Tutahama."

"Tutahamia wapi?" aliuliza mama. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua afungashe vyombo vya namna gani.

"Mahali pasipo na namba mstari unakatika," alisema binti, kama anayejisemea. "Programu haiunganishi. Inaacha pengo, mtu akiliona anajua hapa hapakupimwa. Ni kitu cha heshima kabisa, pengo."

"Basi liache," alisema mzee.

Ijumaa binti aliondoka asubuhi na mapema. Hakumwomba baba yake amsindikize.

*

Wiki ya pili yake gari la Shirika lilisimama tena mlangoni. Safari hii Injinia alishuka akitabasamu, akampa mzee mkono kwa mikono yote miwili. Barua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimfanya Mzee Milimita mlinzi wa mashine, na nyumba ikabaki yake mpaka atakapostaafu. Ya pili ilikuwa ya binti. Aanze kazi Jumatatu, kitengo cha takwimu.

"Mwenyekiti mwenyewe amemsifu," alisema Injinia. "Alisema kukosea si tatizo, tatizo ni kutojua kurekebisha. Tunataka watu wanaoelewa mambo." Akamtazama binti kidogo, naye binti akamtazama vilevile, kama watu waliowahi kubeba mzigo mmoja. Kisha akamwachia mzee nakala ya ripoti. "Ukumbusho wako, mzee. Mvua yako yote imo humo."

Mama alishukuru kwa maneno mawili. Hakupiga kigelegele.

Gari lilipoondoka mzee aliketi kizingitini, akafungua ripoti kwa kidole kilicholowa mate. Alikuwa na tumaini dogo, la kijinga, ambalo alikuwa hajamwambia mtu: kwamba binti aliliacha pengo, na watu wakubwa wakaliona, wakaelewa, wakasamehe. Akautafuta mwaka wa kumi na mbili.

Mstari haukukatika popote. Mwezi wa nne ulianza kwa manyunyu, ukapumzika siku tatu, ukapiga mvua ya maana mara mbili. Mwezi wa tano ulipanda kama inavyotakiwa. Mwezi wa saba ulikuwa mkavu, isipokuwa siku moja ya milimita mbili na kitu, mvua ndogo ya kushtukiza, aina ile inayomkuta mtu ameanika nguo. Haukufanana na mwaka wowote mwingine. Mzee alikuwa ameangalia mvua karibu nusu ya umri wake, na kama asingejua, angeapa kwamba siku ile ilinyesha.

Binti alikuwa ndani, amewasha pasi, ananyoosha blauzi ya kazini.

"Mwanangu," mzee aliita. "Namba hizi umezitoa wapi?"

Pasi ilikwenda mpaka mwisho wa mkono wa blauzi, ikarudi.

"Ulikozitoa zako, baba," alisema, akaigeuza blauzi upande wa pili.